Alikuwa Mgeni Wetu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Daktari amekuja leo. Daktari wa wagonjwa wa akili, mwanamke, Docteur Bwalya. Nilidhani anauza vitambaa — begi kubwa, viatu vimejaa vumbi la mtaa wetu wa Katuba. Alisimama kwenye mlango wa lupango, kiwanja chetu, akauliza kama hapa ndipo alipokuwa anakaa marehemu Clément. Nikasema ndiyo. Mimi ni mjane wake.

Mahakama imemwomba aandike ripoti juu ya Guelor: je, alikuwa na akili zake siku alipomuua mume wangu? Barua ya mahakama ilitiwa sahihi mwezi wa tatu. Imefika mezani kwake wiki jana. Kutoka mahakama mpaka hospitali, hata mwenye kuchechemea anafika kabla ya saa sita. Barua imetembea miezi mitano.

Nilimpa kiti. Maji sikumpa.

Akaanza maswali. Guelor alifikaje hapa? Alikuwa anaongea peke yake? Anakula? Anameza dawa yoyote? Anaandika kila kitu. Hata ninaponyamaza anaandika.

Nikamwambia yale niliyowaambia polisi. Alikuwa mgeni wetu. Kijana mzima wa miaka ishirini na sita, amekuja kusali na kundi letu. Akagombana na mume wangu, sijui juu ya nini, akachukua mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Dawa? Sikuona dawa.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, sikukuya kukutafuta makosa. Huyu muntu iko karibu miezi tisa mu gereza, bila kuhukumiwa. Kama iko mugonjwa, pale haiko fasi yake."

Nikamwambia mume wangu naye ana karibu miezi tisa. Je, pale alipo ndipo mahali pake?

Akaacha namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, akaaga kwa adabu. Adabu yake iliniudhi kuliko maswali.


Jumanne, 12 Agosti

Joëlle hanisemeshi. Binti yangu ana miaka ishirini na moja, anasoma uuguzi mwaka wa tatu, na anafikiri dunia ni wodi. Jana alikuwa jikoni wakati wa daktari. Leo anaosha sahani kama anazichuna ngozi.

Mwishowe amesema: "Mama, ulisema hukuona dawa."

"Nyamaza."

"Miye niliiona. Nilikusomea karatasi yake. Nilikuambia haya hayaachwi gafula."

Ni kweli, alinisomea. Alisimama palepale kwenye mlango wa jikoni, na koti lake jeupe mkononi.


Jumapili, 17 Agosti

Wanaimba uani kwangu. Sikutoka. Kundi la sala sasa liko chini ya Sylvain, mdogo wa Clément. Ameweka picha ya Clément mbele, kubwa kama mlango, na maua ya plastiki. Wanamwita shahidi wa imani.

Hakuna anayesoma daftari hili. Basi niandike mara moja, halafu tuone kama mkono utakauka.

Mimi ni mtoto wa misa. Baba yangu alitoka kaskazini, akafanya kazi kwenye reli, akatusomesha kwa masista. Hiki Kiswahili ninachoandika ni chao. Clément naye alibatizwa kwenye parokia yetu hiyohiyo. Lakini alipopoteza kazi kwenye kampuni ya migodi, akaanza kusali nyumbani na watu watano, kisha ishirini, kisha uwanja ukajaa. Wakamwita berger, mchungaji. Alikuwa na sauti nzuri. Mtu akimsikia alisahau kuangalia mikono yake.

Wakaanza kutuletea wagonjwa wa kichwa. Kuna chumba nyuma ya nyumba, tulikuwa tunaweka makala, makaa ya kupikia. Tukatoa makala, tukaweka wagonjwa.

Guelor aliletwa na mama yake mwanzo wa Oktoba mwaka jana. Mama huyo anauza samaki Kilwa, kule ziwani. Mjomba aliyekuwa anamtunza kijana hapa mjini alikufa, na mama huyo alitaka kurudi kabla mvua haijakata barabara. Akaniachia mfuko: nguo mbili, na vidonge vya miezi miwili kutoka hospitali. "Mama Joëlle, asubuhi moya, magaribi moya." Nikaahidi. Siku nane nilimpa. Kijana mpole, alinichotea maji, alimcheka paka wetu.

Siku ya tisa Clément akasema Mungu hagawani sifa na pharmacie. Tupa.

Nikatupa. Mimi. Nilivikamua kimoja kimoja kutoka kwenye pakiti, juu ya shimo la choo. Zaidi ya mia. Nilisimama pale mpaka kiuno kikaniuma.

Wiki mbili baadaye Guelor akaanza kujibu watu wasiokuwepo. Clément akaleta mnyororo. Mguu wa kulia, kwenye chuma cha dirisha. Ufunguo nilipewa mimi, kwa sababu asubuhi mimi ndiye niliyemfungulia aoge. Ijumaa ile, tarehe 29 Novemba, ilikuwa siku ya tatu ya kufunga — yeye hakuamua kufunga, walimfungisha. Nilimfungulia. Clément akaja akamwekea mkono kichwani akamsukuma apige magoti. Mchi ulikuwa hapohapo kwa sababu nilikuwa nimeuacha hapo. Nilikuwa ninatwanga sombe.

Polisi walipokuja Sylvain alinishika mkono akanong'ona: "Ukitaja munyororo, bataandika Clément alikuwa na gereza." Nami nilikuwa na damu ya mume wangu kwenye kitenge. Nilitaka Guelor aoze. Nikasema alikuwa mgeni wetu.

Wamemaliza kuimba. Sasa wanasalimiana. Hakuna aliyegonga mlango kuniuliza kama niko hai.


Ijumaa, 22 Agosti

Sylvain amepita. Daktari alimfikia naye pia. "Mulamu," ndivyo anavyoniita, shemeji, "ulisema muzuri. Paka vile, vile tu. Usiongeze, usipunguze." Avocat wetu, wakili wa familia, anafurahi. Anasema mwenye akili timamu aliyeua kwa mchi anaweza kuhukumiwa kufa, na tangu mwaka jana hukumu hiyo haiko tena kwa kutishia tu.

Alisema hivyo huku akila karanga zangu.


Jumanne, 2 Septemba

Mama yake Guelor amekuja.

Siku tano barabarani kutoka Kilwa, juu ya lori la mifuko. Lori lilivunjika mara mbili. Alisimama nje ya lupango mpaka jirani akaja kuniambia kuna mama anaogopa kuingia. Nilipomwona nilitaka kumfukuza. Nilikuwa na maneno tayari, miezi yote hii nimeyapanga. Yule mwanamke amekonda. Kitenge kimezunguka kiuno chake mara mbili.

Alipiga magoti kwenye saruji. Akaweka mbele yangu kifurushi cha samaki wakavu.

"Mama Joëlle, nilikuya kuomba samahani."

Niliwaangalia samaki.

"Ni kosa yangu. Docteur aliniambia mutoto alikuwa na dawa ya miezi mbili na akaacha kumeza. Ninamuyua. Hata ku Kilwa alikuwa anaificha chini ya lulimi, anaenda kuitema inje. Nilikuachia mutoto mwenye kukatala dawa, sikukuambia. Niliogopa utamukatala. Kama ningekuambia ungemuchunga muzuri, na bwana yako angekuwa muzima."

Alikuwa analia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia sokoni. Jirani naye akaanza kufuta macho.

Nikamwambia asimame, saruji ina baridi. Hayo tu. Nina miaka arobaini na nne, nimesomeshwa na masista, na maneno niliyopata ni hayo.

Akasema amemwona Guelor gerezani. Analala karibu na mlango wa choo kwa sababu wengine hawataki awe katikati yao. Docteur ameandika aanze dawa upya, lakini gerezani dawa hiyo haipo, familia inunue. Kwa hiyo atauza samaki waliobaki, anunue, ampelekee mlinzi. Akaniuliza kama ninafikiri mlinzi atampa kweli.

Akaniuliza mimi.


Alhamisi, 4 Septemba

Samaki bado wamening'inia kwenye waya. Paka amechukua mmoja. Sijawagusa wengine. Joëlle anapita chini yao akiinamisha kichwa.


Jumamosi, 13 Septemba

Kuna mgonjwa mpya chumba cha nyuma.

Anaitwa Tracy, ametoka mtaa wa Bel-Air. Hajafika miaka thelathini. Alikuwa anafundisha shule ya msingi, akaanza kusikia wazazi wa watoto wanamsema redioni. Kaka yake Ariel ndiye aliyemleta, na gari, kijana wa ofisi mwenye viatu safi. Hakutaka kuingia chumbani. Alisimama nje akizungusha ufunguo wa gari kidoleni akasema hospitali amepelekwa mara mbili, kila mara anarudi vilevile, na majirani wanaongea. Sylvain akamwambia aende kwa amani.

Nilidhani baada ya kifo cha Clément chumba kile kingefungwa. Nilidhani hivyo kwa nini? Hakuna aliyesema. Mnyororo polisi hawakuuona — Sylvain aliuzungushia kiunoni chini ya shati, siku ileile. Leo nimeusikia tena. Sauti ya chuma kwenye dirisha. Nilikuwa ninachambua mchele, nikasahau nilichokuwa ninatafuta ndani yake.


Jumatatu, 22 Septemba

Kesi. Wameisikiliza ndani ya gereza, kwenye ukumbi wenye mabati, maana gari la kuwaleta wafungwa mjini halina mafuta. Joto. Mawingu yanakusanyika tu, mvua hainyeshi.

Waliitwa wengi kabla yake. Mmoja aliiba waya. Mmoja anangoja mwaka wa tatu na dosie yake, faili la kesi, haionekani; hakimu akamwambia angoje. Kisha Guelor.

Sikumtambua. Nilikuwa na sura moja ya Guelor kichwani, ile ya Ijumaa, nimeitunza kama chakula. Aliyeingia ni mtu amevimba mashavu, amekonda miguu, peku. Hakimu akamuuliza jina. Akajibu vizuri. Jina la baba, la mama, pahali alipozaliwa: Kilwa. Kila kitu vizuri.

"Unayua juu ya nini uko hapa?"

"Baliniita kusali."

Watu wakacheka. Yeye akageuka kuangalia wanaocheka ni kina nani, na akaniona mimi kwenye benchi ya mashahidi.

Akavuta suruali juu. Akanyosha mguu wa kulia mbele yangu, kisigino chini, vidole juu, akatulia. Akangoja.

Hivyo ndivyo alivyofanya kila asubuhi nilipoingia na ufunguo.

Ukumbi mzima ukacheka tena. Mlinzi akampiga begani ashushe mguu. Hakushusha. Hakimu akaniuliza: "Mama, huyu anatafuta nini?"

Nikasema: "Sijui, Bwana Président."

Docteur Bwalya alikuwa amekaa mbele. Hakuangalia mguu. Aliniangalia mimi, muda mrefu, bila hasira, na hapo nilijua kwamba ameshaona alama kwenye kifundo cha Guelor na amekwisha kuipima kwa rula yake.

Mwanasheria wa serikali akasema kama huyu ni mwendawazimu basi amepatia wazimu gerezani, au anaigiza. Daktari akasimama. Akasema leo Guelor ni mgonjwa, hilo anaweza kulitilia sahihi sasa hivi. Lakini mahakama imemuuliza juu ya siku ile. Hospitali ina karatasi: tarehe 30 Septemba alipewa vidonge vya miezi miwili, na wakati huo alikuwa anaendelea vizuri. Siku ya sitini akaua. Katikati ya hapo hakuna mtu anayesema kitu. "Siwezi kuandika ripoti na shimo katikati."

Hakimu akampa mpaka tarehe 13 Oktoba. Baada ya hapo wataamua na kilichopo. Na kilichopo ni maneno yangu.

Mama Guelor alikuwa mlangoni. Aliponiona natoka akasema: "Umeona vile anakuyua? Anakupenda, Mama Joëlle. Alikunyoshea muguu kama mutoto mudogo."


Jumatano, 24 Septemba

Joëlle ameuliza mguu ule ulikuwa na maana gani. Nimemwambia. Akaenda kushusha samaki kwenye waya, akawaosha, akawapika na nyanya, akaweka sahani mbele yangu. Tumekula. Walikuwa na chumvi sana.


Ijumaa, 26 Septemba

Leo asubuhi Sylvain amenipa mfuko wa plastiki. Ndani: vidonge vya Tracy. Kaka yake aliusahau kwenye gari, akauleta jana.

"Tupa hii, mulamu."

Hakusema kwa sauti ya kuamuru. Alisema kama unavyomwambia mtu atupe maganda. Mimi ndiye ninayetupa, si ndiyo? Kila nyumba ina mtu wa kazi hiyo.

Nikaupokea. Nikaenda mpaka chooni. Nikafunga mlango. Vidonge vyake ni vya njano. Nilikamua kimoja kikaanguka kwenye kiganja, nikakirudisha, hakikurudi vizuri. Nikakaa pale. Halafu nikatoka nimeficha mfuko ndani ya blauzi, nikamwaga maji chooni ili Sylvain asikie.

Nimeuweka kwenye kopo la unga. Saa sita nimempelekea Tracy bukari, ugali wetu, na chini ya bukari kidonge. Aliniangalia. Ni mwalimu, anaelewa haraka. Akameza.

"Madame," akaniambia Kifaransa, sauti ya darasani kabisa, "mwambie kaka yangu anifuate. Nitanyamaza. Kama ni majirani, mwambie nitanyamaza."


Jumatatu, 29 Septemba

Joëlle amepata namba ya Ariel. Sikuuliza aliipataje. Amempigia mbele yangu. Kijana akaanza kusema mambo ya imani. Joëlle akamkata, akimwita yaya, kaka mkubwa: "Yaya Ariel, dada yako amefungwa na munyororo. Kwa dirisha. Mwaka jana fasi ile mugonjwa aliua baba yangu. Ulikuwa unayua?"

Hakuwa anajua. Sylvain hakumwambia. Ariel alikuwa amesikia tu kwamba mwenye nyumba alikufa shahidi.


Jumanne, 30 Septemba

Ariel alifika saa tatu asubuhi na shangazi yake. Sylvain alikuwa mjini. Nilitoa ufunguo wa akiba nilioubakiza, nikafungua. Tracy alitoka ameshika ukuta. Kwenye gari alikaa nyuma, akafunga mkanda wake mwenyewe, akanyosha sketi. Shangazi aliona mguu wake akaanza kupiga kelele za matusi — kwangu mimi. Mchawi, muuaji, mfunga watu. Majirani wote wametoka. Matusi yalikuwa ya kweli, amekosea tarehe tu.


Ijumaa, 3 Oktoba

Sylvain alijua siku ileile, lakini alikaa siku tatu bila kuja. Leo amekuja. Hakula karanga.

Aliketi kwenye kiti cha Clément. Akaniuliza nimempigia daktari? Nikasema bado. Ni kweli, bado.

"Sikiliza, mulamu. Clément alisema itupwe. Muzuri. Lakini mikono ilikuwa ya nani? Ufunguo ulikuwa kwa nani? Nani alimufungulia ile siku? Ukifungua kinywa, Guelor atatoka. Na fasi yake mu gereza haitabakia bure."

Joëlle akasema kutoka mlangoni: "Na weye, Papa Sylvain? Munyororo ulikuwa mu kiuno ya nani?"

Akajifanya hakusikia. Akaniambia lupango huu ni wa baba yao, Clément hakuacha karatasi; ananipa mpaka mwisho wa mwezi. Ninaweza kwenda kwa kaka zangu, watu wa misa. Kisha akasema jambo ambalo bado linanizunguka. Akasema kwa upole kabisa: "Wote walisahau. Paka weye, weye moya, njo unakumbuka. Ukinyamaza, haitakuwa ilifanyika."

Alipoondoka nilikaa mbele ya picha ya Clément. Nilitaka kumuuliza kama alijua. Kama hata siku moja, akimwekea yule kijana mkono kichwani, aliona kwamba amekwisha kuwa mgonjwa zaidi kuliko alivyoletwa kwetu. Nafikiri aliona. Nafikiri aliogopa kusema, kwa sababu watu walikuwa wamejaa uwanjani. Nilimpenda miaka ishirini na mbili. Leo nimegeuza picha ikaangalia ukuta, na nyuma yake kuna bei ya duka.

Nimempigia Docteur Bwalya. Nilisema jina langu tu, halafu nikashindwa. Akangoja. Akasema: "Kuya Jumanne, Mama. Njoo na tarehe, kama unazikumbuka."

Ninazikumbuka.


Jumamosi, 4 Oktoba

Joëlle: "Utasema yote, ao usiende." Sikuwa nimemwomba ushauri.

Nikamuuliza kama mama yake akifungwa atamletea chakula. Akasema atamletea. Hakusema hapana, haiwezi kufika huko. Alisema atamletea. Huyu atakuwa muuguzi mzuri, hadanganyi mgonjwa.

Mvua ya kwanza. Mabati yanavuja palepale pa kila mwaka.


Jumanne, 7 Oktoba

Hospitali. Niko kwenye benchi ya koridoo, nje ya mlango wa Docteur Bwalya. Nimefika saa mbili na nusu. Ana mgonjwa ndani. Muuguzi amesema ningoje.

Nimeandika tarehe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili nisije nikababaika. Tarehe 1 Oktoba, kuletwa. Tarehe 9, kutupa vidonge. Tarehe 23, mnyororo. Tarehe 27 Novemba, siku ya kwanza bila chakula. Tarehe 29. Yote yamejaa mistari mitano. Nilifikiri yangechukua nafasi zaidi.

Mama Guelor amekuja.

Kumbe kila Jumanne anakuja kuchukua karatasi ya dawa. Samaki wameisha, sasa anafulia watu nguo. Aliponiona kwenye benchi akasimama katikati ya koridoo, mikono kifuani, halafu akaja mbio na malapa yake akakaa karibu nami hadi mabega yetu yanagusana. Anafikiri nimekuja kumsemea mtoto. Amesema alijua. Amesema kule Kilwa aliwaambia watu: yule mama aliyefiwa ni mtu.

Guelor ni afadhali kidogo, anasema. Mlinzi anampa dawa kweli, si kila siku, lakini anampa. Wiki jana alimuuliza mama yake kama mvua imenyesha ziwani. Swali la mtu mzima, hivyo anasema, swali la mtu mwenye akili. Sasa anaanza kuuliza alifanya nini. Mama hajui amjibu namna gani. Ananiuliza mimi nilimjibuje Joëlle alipouliza baba yake amekwenda wapi.

Nimesema sikumbuki.

Ananiuliza ninaandika nini. Nimemwambia: tarehe.

"Andika, Mama. Weye ulisoma. Sheye bengine banatuzungusha kwa sababu hatuyue kusoma."

Mlango umefunguliwa. Mgonjwa ametoka. Docteur Bwalya amesimama mlangoni, ameniona, amemwona aliyekaa karibu nami. Kisha amesema kwamba nikitaka naingia peke yangu. Na nikitaka mama wa Guelor anaweza kuingia nami, ana haki ya kusikia, lakini ni mimi ninayeamua.

Mama Guelor ameshasimama. Amefunga kitenge chake upya, amepangusa uso, na ananinyoshea mkono nimshike niinuke.

Nimemwambia angoje kidogo, nimalize mstari huu.